Koti la Baridi Halizuii Mvua

Swali ni lilelile, kinachobadilika ni mdomo unaolitoa. Kijana anafika kibandani kwangu hapa Kate, simu imebakiza asilimia nne, ananikabidhi nichaji, na kabla hajapata pa kukaa anaanza kulalamika: "Kaka, nimejaza vifaa vya kinga mpaka nafasi zimeisha, mbona nakufa vilevile?" Kesho yake anakuja mwingine na pacha wa swali hilo: "Nimenunua silaha ya bei mbaya, mbona shujaa wangu haumizi mtu?" Nimeulizwa na wa hapa, na wa Namanyere, na wanaopita kutoka Sumbawanga mjini. Nimechoka kujibu mmoja mmoja huku mkono mwingine umeshika bisibisi, kwa hiyo leo naandika.

Ninazungumzia Mobile Legends: Bang Bang, gemu ya kampuni ya Moonton iliyotoka mwaka 2016, watano kwa watano, kwa sababu ndiyo inayomaliza chaji za wateja wangu. Wa PUBG nimewawekea kipande chao mwishoni.

Kwanza nianze na koti. Sisi wa juu huku Ufipa tunajua Juni na Julai zilivyo. Asubuhi hutoki bila koti zito la mtumba. Sasa livae koti hilohilo Januari, mvua ikiwa inamwagika: linanyonya maji, unatembea umebeba ndoo mgongoni, na bado umelowa. Shuka nalo Kirando, ziwani, wilaya hiihii ya Nkasi, uone watakavyokushangaa. Koti lenyewe halina kasoro. Umelivaa siku isiyo yake. Vifaa vya gemu ndivyo vilivyo, na malalamiko karibu yote ninayoletewa yanatoka hapo.

## Jua aina tatu za dameji

Kila kinachokupunguzia uhai kimebeba aina moja kati ya hizi:

- Dameji ya mwili. Risasi, mapanga, mishale, ngumi. Inapunguzwa na kinga ya mwili peke yake.
- Dameji ya uchawi. Radi, moto wa mikono, vimondo. Inapunguzwa na kinga ya uchawi peke yake. (Wa Sumbawanga, najua mnacheka. Mji ambao jina lake tunaambiwa maana yake ni "tupa uchawi" ndiko vijana wanakokufa kwa uchawi wa Eudora kila jioni.)
- Dameji halisi. Hii haiangalii kinga yoyote. Ikisema 300, zinatoka 300.

Usikadirie aina kwa sura ya shujaa wala kwa kundi lake; soma maelezo yake. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Saber ni asasini (muuaji wa kuvizia), na dameji yake ni ya mwili. Gusion naye ni asasini, anarusha visu, lakini visu vyake ni vya uchawi. Guinevere wamemweka kundi la wapiganaji wa karibu, naye pia ni uchawi. Nimemwona mtu ananunua kinga ya mwili tatu mfululizo dhidi ya Gusion, "si anatumia visu, kaka?" Aliendelea kufa kana kwamba yuko uchi, maana kwa upande wa uchawi kweli alikuwa uchi.

"Sijui Kiingereza cha kusoma maelezo yote hayo." Huhitaji chote. Fungua ukurasa wa shujaa au wa kifaa, tafuta maneno haya tu:

- *physical*: ya mwili
- *magic*: ya uchawi
- *true*: halisi
- *basic attack*: pigo la kawaida, lile la kitufe kikubwa
- *skill*: skili, vile vitufe vidogo vinavyosubiri muda
- *unique*: athari isiyojirudia

Maneno sita. Mtoto wa darasa la tatu anayashika kwa siku moja.

## Kinga inahesabiwaje

Nitaleta hesabu mara mbili tu, mnivumilie. Gemu hii inachukua 120, inagawa kwa jumla ya 120 na kinga yako. Jibu ndilo sehemu ya dameji inayokufikia. Pigo la 1,000 basi linakuwa hivi:

- Kinga 0: unapata 1,000
- Kinga 120: unapata 500
- Kinga 240: unapata 333
- Kinga 360: unapata 250

Hapo wajuaji huinuka: "Unaona? Kinga ya pili na ya tatu hazina maana, ya kwanza imeokoa 500, ya tatu imeokoa 83 tu." Hapana. Geuza hesabu uitazame kwa upande wa adui. Una uhai 5,000. Bila kinga, anatakiwa akupige 5,000 ili ufe. Ukiwa na kinga 120 anatakiwa apige 10,000. Ukiwa na 240, apige 15,000. Ukiwa na 360, apige 20,000. Kila 120 inamwongezea kazi ileile ya 5,000. Kwa hiyo kama maadui wote watano ni wa mwili, rundika kinga ya mwili wala usione haya.

Ila hesabu yote hiyo ni ya aina moja. Yule wa kinga ya mwili 360 na kinga ya uchawi 20 atapokea karibu 857 katika kila 1,000 za uchawi.

## Kosa kubwa kuliko yote: kuchanganya aina na njia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hata wachezaji wa siku nyingi hawapajui vizuri.

Dameji ina aina, na pia ina njia iliyopitia. Aina ni mwili, uchawi, halisi. Njia ni pigo la kawaida au skili. Ni mambo mawili tofauti, na vifaa vingi vinaangalia njia kabla ya kuangalia aina.

Chukua vifaa viwili vya kinga ya mwili. Blade Armor inamrudishia mpigaji sehemu ya maumivu, lakini ya mapigo ya kawaida. Dhidi ya Miya au Layla anayekumiminia mishale au risasi, ni dawa. Antique Cuirass inamdhoofisha adui nguvu ya shambulio kila anapokugusa kwa skili. Dhidi ya Saber anayekurukia na kukurusha juu, hiyo ndiyo yako. Ukivibadilisha, kinga ya namba utaipata, lakini ile athari uliyoilipia itakaa mfukoni imelala.

Upande wa mashambulizi ni vivyo hivyo:

- Demon Hunter Sword inaongeza dameji kwa asilimia ya uhai *uliobaki* wa adui, kwenye pigo la kawaida. Meji (shujaa wa uchawi) akiinunua ametupa dhahabu. Tena kumbuka mambo mawili. Nyongeza hiyo ni ya mwili, kwa hiyo kinga ya mwili inaipunguza. Na kwa kuwa inahesabu uhai uliobaki, inamng'ata sana tanki (shujaa wa kupokea mapigo) aliyejaa uhai, ila kwa adui aliyebakiza kidogo haina makali. Usitegemee ikumalizie mtu.
- Endless Battle inafanya pigo la kawaida linalofuata baada ya skili lipate nyongeza ya dameji *halisi*. Kifaa ni cha mashujaa wa mwili, lakini nyongeza haijali kinga. Inamfaa anayetupa skili, pigo, skili, pigo. Layla anayesimama na kufyatua tu haitumii ipasavyo.
- Feather of Heaven inaongeza dameji ya uchawi kwenye pigo la kawaida, kulingana na nguvu ya uchawi uliyonayo. Ukimpa shujaa asiye na nguvu ya uchawi, nyongeza inakuwa ya kuombea chumvi.

Umeona? Pigo moja linaweza kubeba aina mbili kwa pamoja, na kila aina inakatwa na kinga yake. Ndiyo maana tanki anaweza kucheka na risasi zako huku nyongeza ikimla taratibu.

Na kunyonya uhai pia kuna njia zake. Haas's Claws inarudisha uhai kutokana na mapigo ya kawaida. Bloodlust Axe inarudisha kutokana na skili. Juzi nilimuuliza dogo mmoja kwa nini amenunua Haas's Claws kwa shujaa anayeishi kwa skili. Akasema, "Inaandika kunyonya." Sawa, inanyonya, ila mdomo hauko kwenye titi.

## Hatua za kufuata, mechi ikianza

1. Soma majina matano ya adui skrini ya kusubiri ikiwa inazunguka. Kwa mtandao wetu huo ni muda wa kutosha. Hesabu wangapi wa mwili, wangapi wa uchawi.
2. Anza na viatu. Warrior Boots ni kinga ya mwili. Tough Boots ni kinga ya uchawi, na pia inafupisha muda wa kugandishwa na kuzimishwa. Viatu ni kinga ya bei nafuu, na watu wanavichagua wakiwa wamefumba macho.
3. Ukifa mara ya kwanza, usitukane. Tazama. Fungua maelezo ya kifo, uone nani alichangia kiasi gani. Mara nyingi siye uliyemdhania. Ulimwona tanki usoni, kumbe meji wa nyuma ndiye aliyekumaliza.
4. Gusa ubao wa alama uone vifaa vya adui. Anayeongoza kwa dhahabu ndiye unayemnunulia kinga. Meji aliyekufa mara sita muache kwanza.
5. Nunua kinga ya huyo mmoja, kisha rudi kwenye mpango wako. Duka linafunguka popote ulipo, huna haja ya kurudi nyumbani.
6. Dakika za mwisho, uza viatu au kifaa kilichokosa kazi. Utapata pungufu ya ulichotoa, lakini nafasi ni sita tu.

"Kaka, mimi nafuata orodha ya bingwa, nimeinakili yote." Orodha ya bingwa ilitengenezwa kwa ajili ya maadui wa bingwa. Tumia vifaa vitatu vyake vya kwanza kama msingi, viwili au vitatu vya mwisho viamuliwe na waliokaa mbele yako.

"Sina muda wa kusoma katikati ya vita." Ni kweli. Ndiyo maana kuna uwanja wa mazoezi. Ingia, chukua dhahabu bila kikomo, piga sanamu bila kifaa, halafu nunua kifaa upige tena. Angalia namba zinazoruka. Robo saa huko inakufundisha kuliko mechi ishirini za kulaumiana.

## Kupenya kinga: lini kununua, lini kuacha

Malefic Roar inapenya kinga ya mwili kwa asilimia, Divine Glaive inapenya kinga ya uchawi. Wengi wanazinunua mapema mno. Hesabu ya pili na ya mwisho: tuseme kifaa kinafuta asilimia 40 ya kinga (namba kamili hubadilika kila wanapoboresha gemu, soma yako).

Tanki ana kinga 240. Pigo lako la 1,000 linamfikia 333. Ukipenya, kinga inabaki 144, zinamfikia karibu 455. Umepata zaidi ya theluthi nzima ya ulichokuwa nacho.

Meji ana kinga 30. Zilikuwa zinamfikia 800. Ukipenya, kinga inabaki 18, zinamfikia karibu 870. Nyongeza ya 70 tu! Kwa dhahabu ileile ungenunua nguvu ya shambulio ukapata zaidi.

Kwa hiyo subiri maadui wavae. Wakishavaa, penya. Na usinunue Malefic Roar kwa shujaa wa uchawi. Usicheke, nimeiona kwa macho yangu, kwenye simu ya mtu mzima mwenye watoto.

## Dhidi ya dameji halisi

Hapa nakuwa mfupi kwa sababu dawa ni chache. Mfano mkubwa ni Karrie. Kila mapigo yake matano kwa mtu mmoja yanalipuka dameji halisi inayohesabiwa kwa uhai wako *wote*. Unaona mtego? Ukijaza uhai ukidhani umepona, umemwongezea chakula.

- Kinga ya mwili bado inasaidia kidogo, maana mapigo yenyewe kabla ya mlipuko ni ya mwili.
- Dominance Ice inapunguza kasi yake ya kupiga, na mapigo matano yanachelewa kufika.
- La maana kuliko yote: asifikishe matano. Mgandishe, mkimbie, mzibe njia. Duka halina kifaa cha kukuepusha na kusimama mbele yake.

Spell (uwezo wa ziada) ya Execute nayo ni dameji halisi. Ukibakiza uhai kidogo mbele ya mwenye nayo, usihesabu kinga yako hata moja.

## Vifaa vya kubonyeza: maonyo matatu

Wind of Nature inakufanya usiguswe na dameji ya mwili kwa muda mfupi. Ya mwili. Nimeshuhudia mtu anaibonyeza kwa ustadi kabisa, sekunde kwa sekunde, radi ya Eudora ikimshukia. Alikufa na kifaa kinang'aa. Na hata dhidi ya Saber, dameji haitakupata lakini atakurusha juu vilevile, maana kinga ya dameji haizuii kubebwa.

Winter Crown inakugandisha sekunde 2 usiguswe na chochote. Ila na wewe hugusi. Ukiitumia peke yako katikati ya watano, wanakusubiri uyeyuke tu.

Athena's Shield na Radiant Armor zote ni za kinga ya uchawi, na watu wananunua ile iliyo juu kwenye orodha. Athena's Shield ni ya uchawi wa mshindo, wa akina Eudora na Gusion wanaomaliza kazi kwa pumzi moja. Radiant Armor inaongezeka nguvu kadiri unavyopigwa mfululizo, basi ni ya uchawi unaotiririka kama vimondo vya Chang'e. Rudi kwenye lugha ya nyumbani: kuna mvua ya ngurumo inayopita dakika kumi, na kuna manyunyu ya kutwa.

## "Nimenunua viwili, mbona haijaongezeka?"

Kwa sababu ya lile neno la sita kwenye orodha yangu. Athari mbili zenye jina moja hazijumlishwi. Namba za kawaida (uhai, kinga, nguvu) zinajumlishwa, athari haijirudii. Kununua kifaa kilekile mara mbili ni kulipia koti la pili na kulivaa juu ya la kwanza mikono ikiwa imefungwa.

Jambo linalofanana na hilo: dhidi ya anayeponya kama Estes, mnahitaji kifaa cha kupunguza uponyaji, Sea Halberd kwa washambuliaji wa mwili au Dominance Ice kwa tanki. Semezaneni nani ananunua. Watano wote wakinunua ni upotevu, na asiponunua hata mmoja mtampiga adui yuleyule mpaka bando liishe.

## Kwa wa PUBG

Huko hakuna uchawi, lakini kosa ni lilelile. Fulana ya ngazi ya 1 inapunguza asilimia 30 ya risasi, ya 2 asilimia 40, ya 3 asilimia 55, na kofia hivyohivyo. Ila fulana inalinda kiwiliwili na kofia inalinda kichwa. Miguu haina mwenyewe. Na vyote viwili havikusaidii ukianguka kutoka ghorofani wala ukichelewa nje ya duara. Kule dawa ni vidonge, bandeji na mbio.

Fulana pia inachakaa kila ikipigwa, kwa hiyo ya ngazi ya 2 iliyo nzima mara nyingi ni bora kuliko ya 3 iliyobakiza uzi. Wengi wanakimbilia namba bila kutazama uzima wake.

Na wale wanaobisha kila wiki hapa kibandani kuhusu kikaango: ndiyo, kinazuia risasi, hata kikining'inia mgongoni. Mradi risasi ikigonge chenyewe.